Leso Isiyokatwa

Mimi naogopa maji, na sioni haya kusema. Hata beseni likijaa pomoni nalizunguka. Mtu akinialika Mombasa siku hizi namwambia nina ugonjwa wa mgongo. Mgongo sina. Nina asubuhi moja ya Agosti, miaka ya tisini, na hiyo imenitosha.

Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Fedha, Nairobi, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, msichana aliyekuwa bado anatambaa. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha mabati. Ndege zilikuwa zikipita juu ya paa letu kwenda kutua Embakasi, chini kabisa, mpaka vikombe vinalia kabatini, na nadhani ndiyo sababu kila mtu katika ploti yetu alijiona msafiri. Aliyekuwa amepanda ndege kweli alikuwa mmoja tu, jirani wa mlango wa tatu, mama mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyekuwa akienda Dubai kuleta nguo na vyombo. Jumapili baada ya kanisa sebule yake ilikuwa kama darasa. Watu walikuja kujifunza ushuru, hata wale ambao hawangewahi kuuona uwanja wa ndege ila kwa nje ya seng'enge.

Alikuwa akifundisha vizuri, hilo nakubali. "Kitu kikiwa kwa karatasi, hiyo ni mali, utalipa," alisema. "Kikiwa kwa mwili wako, hiyo ni nguo yako. Nani atakutoza nguo yako? Viatu, tembea nazo kwanza. Sufuria, chemshia chai, ikuwe na masizi kidogo. Saa, vaa. Usipeleke kitu yoyote Nairobi ikiwa mpya." Watu walitikisa vichwa kwa kukubali kama wanaosikia mahubiri.

Mwalimu wa kwaya yetu naye alikuwa bingwa wa pwani ya bei rahisi. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba shule zikifungwa, kuna walimu wakuu kule pwani wanaokodisha madarasa kwa watu wa bara. Mnabeba magodoro yenu, unga wenu na jiko lenu, mnasukuma madawati ukutani, mnalala. Ufuo ni wa umma, alisema, askari wa hoteli asikutishe. Na mwende asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu wakati huo bahari inaondoka kabisa na mnaweza kutembea kwa miguu mpaka kule kwenye miamba, bure, mkaone samaki wa rangi. Alituambia maji yanakwenda. Hakutuambia yanarudi. Na sisi hatukuuliza. Mimi nimezaliwa kwenye vilima vya magharibi, maji niliyoyajua ni ya mto, na maji ya mto yakienda yameenda.

Hivyo ndivyo kanisa letu lilivyokodi basi Agosti ile. Na hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyosema naye atakuja.

Lazima nieleze kuhusu mama mkwe. Alikuwa mjane, amepanga chumba kimoja Majengo, Pumwani, na alikuwa akiuza leso, kanga kama wengine wanavyoziita, soko la Gikomba. Mwaka ule kibanda chake kilikuwa kimevunjwa na bidhaa zote zikabebwa. Leso za jumla zilikuwa rahisi Mombasa, kwa hiyo safari yetu ya kustarehe kwake ilikuwa safari ya kuanza upya. Lakini kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoea. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Hukai kiti alichokalia, na hupaswi kuona bega lake likiwa wazi. Kuzungumza, mnazungumza kupitia mtu wa tatu. Akija kututembelea Fedha alikuwa akikaa kwenye mlango wa jikoni, uso nje, amewapa kisogo watu wa sebuleni. Angesema, "Mwambie baba mtoto ugali umeiva," na baba mtoto nimesimama pale pale, harufu ya ugali ninaisikia. Mke wangu angegeuka na kuniambia, "Mama anasema ugali umeiva." Nami ningesema, "Mwambie mama ahsante." Majirani wa kutoka upande wa Mlima Kenya walikuwa wakicheka hadi machozi.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa na mjomba aliyemgusa mama mkwe wake sokoni, kwa bahati mbaya tu, wakisukumana na watu, na nilikuwa nimeiona mikono yake ikitetemeka mpaka siku aliyokufa. Wakubwa walisema sababu ni hiyo. Walisema pia kwamba aliyefanya hivyo na hakutakaswa, watoto wake hawakui vizuri. Mimi nilikuwa mtu wa kiwanda, nimesoma hadi kidato cha nne, na niliamini nusu. Nusu hiyo ilinitosha kutembea hatua kadhaa nyuma yake kila tulipotoka pamoja.

Madarasa yalitupa nafasi ya heshima. Wanawake walilala darasa la sita, wanaume darasa la nne, ua wa shule katikati. Siku ya pili mama mkwe akaenda mjini na mke wangu, Barabara ya Biashara, wakarudi na furushi la leso. Kwa wasiojua, leso huuzwa doti: vipande viwili vimeungana, kitambaa kirefu kimoja, na ni wewe unayekikata katikati na kupinda ncha. Jioni hiyo wanawake walikaa wakijadili ushuru. Walikuwa wamesikia kwamba njiani kuna vizuizi ambapo maafisa hushusha watu na kupekua mali iliyoingia kwa magendo kutoka bandarini. Elimu yote ya Dubai ikatolewa mfukoni. Kateni leso hizo, mpinde, zikatwe zote, doti isiyokatwa ni mali ya duka! Mama mkwe alikataa. Mteja wa Gikomba hununua doti nzima, akiona imekatwa anadhani ni ya mitumba. Basi wakampa njia nyingine: azivae, na azitie maji ya bahari. Chumvi inashika rangi, inatoa wanga, na afisa akiishika ataona ni nguo ya mtu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikiyasikia hayo na kuyaona ya busara. Hicho ndicho kinachoniudhi hadi leo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama sheria za uwanja wa ndege zinahusu basi la Mombasa.

Asubuhi tulikwenda ufuoni. Bahari ilikuwa imeondoka kweli kama mwalimu wa kwaya alivyosema. Mchanga ulikuwa umelala mtupu, na majani ya bahari yamelala juu yake, na mbali sana kulikuwa na mstari mweupe wa mawimbi. Mama mkwe alikuwa amejifunga leso juu ya leso, kiunoni, kifuani na mabegani, mpaka akawa mnene kupita kiasi. Maji ya karibu yalikuwa na tope na watoto wengi, na nadhani pia aliona haya kufulia mbele za watu. Akaanza kutembea kuelekea kwenye miamba.

"Mfuate mama," mke wangu akaniambia. Alikuwa amekaa kivulini na mtoto. "Lakini usimkaribie."

Nikamfuata. Tulivuka mahali penye maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, kama bonde dogo hivi, kisha tukapanda kwenye mwamba mkavu wenye vidimbwi. Yeye akachagua dimbwi safi, akawa anafungua leso moja baada ya nyingine, anaichovya, anaikamua, anajifunga tena. Mimi nilisimama mbali, mahali pa kukaa mtu mzima wa adabu, nikimpa mgongo. Niliangalia samaki. Walikuwa wazuri kweli.

Nilipotazama ufuoni nilimwona mke wangu amesimama, anapunga shali ya mtoto. Nikadhani anatusalimu. Nikampungia mkono. Akapunga kwa mikono yote miwili, na mimi nikapunga kwa miwili, nikicheka peke yangu. Kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko yote, kwa sababu baada yake nilisikia ubaridi kwenye goti.

Nilitazama chini na mwamba haukuwepo. Nilitazama nyuma, kwenye lile bonde tulilovuka, na majani yaliyokuwa yamelala sasa yalikuwa yamesimama, yanayumba, na maji yalikuwa yanapita juu yake kwa kasi kutoka pande mbili. Yalikuwa yameanza kujaa nyuma yetu, si mbele. Sijui kuogelea. Yeye hajui kuogelea. Nilitaka kukimbia, na nasema wazi, kwa nukta moja nilitaka kukimbia peke yangu.

"Mama!" nikaita. Sikuwahi kumwita moja kwa moja tangu nimwoe binti yake. Hakugeuka. Alidhani namwita mtu mwingine. "Mama, maji yanarudi!"

Akajibu akiwa ameinama, kana kwamba anaiambia bahari, "Mwambie namalizia hii moja."

Alipoinua kichwa na kuona, aliinuka mara moja. Alijifunga ile leso haraka na kuanza kuja. Nikatangulia kwenye bonde ili nipime. Maji yakanifika kiunoni, kisha kwenye mbavu, na yalikuwa yanasukuma kutoka kushoto. Mchanga ulikuwa unaondoka chini ya nyayo. Yeye alikuwa mfupi kuniliko. Nilipogeuka yalikuwa yamemfika kifuani na alikuwa amesimama, hawezi kuinua mguu. Leso zile zote zilikuwa zimekunywa maji. Zilikuwa zinamvuta chini.

Sasa nifanye nini? Nimwambie mama mkwe wangu avue nguo mbele yangu? Hata pale, na kifo kimefika shingoni, ulimi wangu ulikataa. Nilitazama angani nikapaza sauti, "Wamwambie mama azivue hizo leso!" Nani amwambie? Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ndege weupe tu.

"Mwambie atazame huko!" akapiga kelele.

Nikageuza uso kuelekea ufuoni, miguu imepanuliwa, nalia kama mtoto. Niliona leso ya kwanza ikinipita, imetandazika juu ya maji, nyekundu na nyeupe, maandishi yake yanasomeka. Kisha ya pili. Kisha nyingine. Kibanda chake chote cha Gikomba kilipita mbele ya macho yangu kikielekea kwenye mawimbi, na nilikuwa siruhusiwi kugeuka nimwone mwenyewe kama bado yuko. Kila leso iliyopita nilijiambia, bado yuko, bado anafungua. Zikaacha kuja. Nilihesabu pumzi nikashindwa.

Kitu kikanigusa mgongoni. Nikapiga ukemi. Ilikuwa ncha ya doti, iliyolowa, isiyokatwa. Alikuwa ameshikilia mwisho mmoja akanirushia mwingine.

"Mwambie avute," nikamsikia.

Nikaizungusha mkononi nikavuta, bila kugeuka, hatua kwa hatua kuelekea kwenye mchanga. Nguo ilikaza. Nilihisi uzito wake kwenye kitambaa, na uzito huo ulikuwa ndio habari njema pekee niliyokuwa nayo duniani. Mke wangu alikuwa ameingia kwenye maji hadi magotini, mtoto amemkumbatia, anapiga mayowe ambayo siyasikii. Nikavuta. Maji yakanifika kwapani, yakashuka kwenye mbavu, yakapanda tena.

Halafu kitambaa kikalegea.

Nikajua. Nilijua kabla ya kugeuka, na bado niliogopa kugeuka, na sijui niliogopa nini zaidi, kumkuta hayupo au kumkuta hajavaa. Kisha nikasikia sauti yake, imejaa maji, inakohoa, upande wa kulia kabisa ambako mkondo ulikuwa unampeleka. Alikuwa haniambii mimi. Hadi pale alikuwa bado anamtafuta yule mtu wa katikati.

"Mwambie anishike! Mwambie anishike!"

Nikageuka nikajirusha. Nilishika nywele, kisha bega, kisha nikapitisha mkono chini ya kwapa lake nikamkumbatia kifuani kama gunia, na tukazama wote wawili, na chumvi ikanijaa puani, na mguu wangu ukakuta mchanga. Sijui tulifikaje. Nakumbuka tu kwamba vidole vyake vilikuwa vimenishika shati kwa nguvu, na kwamba vijana wa ufuoni walipokuja kutupokea ilibidi wavifungue kimoja kimoja.

Doti ilikuwa bado imenizunguka mkononi. Ndiyo mke wangu aliyomfunika nayo mama yake.

Siku ile yote alikaa darasa la sita ameelekea ukutani. Mama mmoja mzee wa kanisa, mtu mwema asiyejua desturi zetu, alinivuta mpaka mlangoni akasema kwa furaha, "Si mpeane mkono sasa! Mungu ametenda!" Nilirudi darasa la nne nikakaa kwenye dawati la mtoto, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Niliitazama nikamkumbuka mjomba. Nikaikalia.

Tukiwa safarini kurudi tulifika kwenye kizuizi. Niliogopa bure, maana tulikuwa na doti moja iliyonuka mwani. Afisa alipanda, akagonga begi letu kwa rungu, akanusa, akakunja uso. "Nani ana sukari humu?" akauliza. Walikuwa wanatafuta sukari ya magendo. Hakuna aliyekuwa nayo. Akashuka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko bahari. Mtoto alipata kikohozi. Kila mtoto wa Fedha alikuwa na kikohozi Agosti hiyo, baridi ilikuwa kali, lakini mimi nilikuwa nalala macho wazi nikisikiliza kifua chake. Mama mkwe hakuja. Mikono yangu ilitulia polepole kazini, juu ya mabati, ila jioni nikishika kikombe niliona chai ikicheza. Niliogopa kumwuliza mtu yeyote, kwa sababu angeweza kunijibu.

Alikuja Novemba, siku ya Jumapili, bila kutuma habari. Nyumba ilikuwa imejaa. Kulikuwa na vijana wawili, mume na mke, wapya kwenye ploti, waliotaka kwenda pwani Disemba, na yule jirani wa mlango wa tatu alikuwa ameleta darasa lake sebuleni kwetu kwa kuwa sisi tulikuwa tumefika pwani. Mama mkwe akapita kama kawaida, kando ya ukuta, akaketi kwenye mlango wa jikoni, uso nje. Mtoto wetu, ambaye kikohozi kilikuwa kimeisha zamani, akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwake. Ilikuwa mara ya kwanza bibi yake amwone akitembea. Alimshika akampapasa mikono, miguu, tumbo, kichwa, kila mahali, bila haraka, kama mtu anayekagua. Nikaelewa kwamba miezi hiyo yote naye alikuwa hapati usingizi.

"Na leso, hizo ukate huko huko," jirani alikuwa anamwambia yule mke kijana. "Kata, pinda, vaa. Doti mzima watakutoza, aki."

Mama mkwe akafungua kikapu chake. Akatoa ile doti, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa, bado nzima, akamwekea mtoto mikononi. Mtoto akageuka na kuanza kuja nayo kwangu, akiyumbayumba, ncha moja inaburura sakafuni.

"Mwambie huyo anayesafiri asikate," mama mkwe akamwambia binti yake, bila kugeuza uso. "Mwambie na baba mtoto aiweke hivyo hivyo. Kipande kimoja hakifiki."